Yoga, Mowlem na Swali la Mama

Juzi dada yangu alinitumia picha za mazungumzo kutoka kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Shule ya mwanawe, shule ya binafsi iliyo humu humu Mowlem, mtaa wetu wa Eastlands, Nairobi, ilikuwa imetangaza kwamba muhula ujao watoto watafanya yoga katika kipindi cha michezo. Kabla giza halijaingia kikundi kilikuwa kimewaka moto. Mzazi mmoja aliandika kwamba hiyo ni dini ya Wahindi na mtoto wake hatasujudia sanamu. Mwingine akamwambia aache ushamba, yoga ni mazoezi ya viungo tu, hata Wazungu wanafanya. Mwalimu mkuu akaingia na kuapa kwamba haina uhusiano wowote na dini. Chini ya picha hizo dada yangu aliandika: "Wewe ndiye fundi wa hii kitu. Ukweli ni upi?"

Nimekula mkate wa yoga kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na bado sikuweza kumjibu kwa mstari mmoja. Lakini yale maneno ya "hata Wazungu wanafanya" yalinirudisha mbali, kwa sababu yoga iliingia nyumbani kwetu kwa mlango huo huo.

Mimi nilitokea kwenye sarakasi. Kijana wa Eastlands asiye na karo ya chuo alikuwa na njia chache za kujitoa: mpira, muziki, sarakasi. Sisi tulipiga mazoezi kwenye uwanja wa vumbi, tukijenga minara ya watu na kupinduka kinyumenyume, ndoto yetu ikiwa kuitwa kwenye hoteli za Mombasa na baadaye, Mungu akipenda, Uchina au Ujerumani. Mwaka 2007 Mmarekani Paige Elenson alianzisha shirika la Africa Yoga Project hapa Nairobi. Kisa chake chafahamika: alikuwa mbugani na jamaa zake, akaona vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono, akajiunga nao. Urafiki huo ulizaa walimu wa yoga kutoka Kibera, Mathare, Kariobangi na mitaa mingine, waliofunzwa mtindo wa Baron Baptiste wa Marekani, mtindo wa jasho na mwendo wa haraka. Jumamosi ukumbi wa Sarakasi Dome pale Ngara, uliokuwa zamani sinema ya Shan, ulijaa mikeka kutoka ukuta hadi ukuta. Sikuwa miongoni mwa wale wa kwanza. Rafiki yangu wa sarakasi alifunzwa huko, akaja akanifunza mimi, na baadaye mfadhili wa ng'ambo akanilipia mafunzo ya ualimu.

Nikarudi nyumbani na mkeka wa zambarau kwapani. Mama alikuwa mtu wa ushirika wa akina mama kanisani, na chochote kilichoingia nyumbani kilipita kwanza mikononi mwake. Akaniuliza, "Hii kitu mwenyewe ni nani?"

"Ni mazoezi, mama."

"Mazoezi ya nani?"

"Ya Wamarekani."

Akacheka. Akachukua kijitabu changu cha mafunzo na kunionyesha picha iliyokuwa kwenye jalada: mtu ameketi, miguu imekunjwa, macho yamefumbwa, viganja vimefunguka juu ya magoti. "Wamarekani hawakai hivi. Huyu anaomba. Na mimi nataka kujua anaomba nani."

Kijitabu hakikuwa na jibu. Kilisema yoga si dini, ni sayansi ya mwili na akili, na kila mtu aje na Mungu wake. Wakufunzi wetu waliyasema hayo kwa moyo safi, tena kwa ukarimu, wakijua wanazungumza na watoto wa walokole. Mama hakuwa amesoma kitabu hata kimoja kuhusu India. Ila alikuwa ameomba maisha yake yote, na alipoona mtu anaomba alimtambua.

Miaka kadhaa ilipita kabla sijakisoma mwenyewe kile kitabu ambacho walimu wa Magharibi hukitaja zaidi, Yoga Sutra za Patanjali. Ni mkusanyo wa semi fupi zipatazo 195, wenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Nilitarajia kukuta humo maelezo ya jinsi ya kupinda mgongo. Mkao wa mwili umetengewa semi 3 tu! Nyingine zote zinahusu kuituliza akili, kutafakari, na kuifungua nafsi kutoka minyororo yake. Njia yenyewe ina hatua 8. Ya kwanza ni yama, yaani makatazo: usidhuru, usiseme uongo, usiibe, zuia tamaa ya mwili, usilimbikize. Ya pili ni niyama, mambo ya kushika, na mojawapo ni kujisalimisha kwa Ishvara, Mola. Basi mama alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu lilikuwepo tangu kale.

Wazungu nao hawakuipokea yoga siku zote kama mazoezi. Swami Vivekananda alipokwenda Chicago mwaka 1893 kuhutubia Bunge la Dini za Ulimwengu, na alipochapisha kitabu chake Raja Yoga mwaka 1896, aliwapelekea Wamarekani falsafa na kutafakari. Mambo ya kujipinda viungo aliyaona ya daraja la chini. Yoga ya viungo tunayoijua leo ilipikwa kwa sehemu kubwa Mysore katika miaka ya 1930, ndani ya kasri la maharaja, na mwalimu aliyeitwa Krishnamacharya. Wanafunzi wake ndio walioisambaza. Indra Devi, mwanamke aliyezaliwa Riga, alifungua darasa Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940. B.K.S. Iyengar alipelekwa Ulaya na mpiga fidla Yehudi Menuhin, na kitabu chake Light on Yoga kikatoka mwaka 1966. Mwaka 2010 mtafiti Mark Singleton aliandika kitabu kuonyesha kwamba mikao mingi ya enzi hiyo ilichanganyika na jimnastiki za Ulaya na mazoezi ya YMCA na ya kijeshi. Kwa hiyo yule mzazi aliyesema "ni mazoezi tu" naye ana pa kusimamia.

Kuna jambo moja la London ambalo lilinifungua macho kuliko hayo yote. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 mamlaka ya elimu ya jiji hilo ilikubali madarasa ya mtindo wa Iyengar katika masomo ya jioni ya watu wazima, kwa sharti kwamba wafundishe mikao na pumzi na waiache falsafa. Sisi tulidhani mizizi ilikauka yenyewe njiani, kwa umbali wa safari. Kumbe ilikatwa ofisini, watu wakikubaliana, ili darasa lipate ukumbi.

Nilipoanza kufundisha Mowlem hatukuwa na ukumbi wa kugombania. Mwenye ploti mmoja alituachia ghorofa ya chini ya jengo lake ambalo halijakamilika, saruji tupu, bila madirisha. Kuvuta pumzi ndefu Mowlem si jambo la mchezo. Jalala la Dandora, lililo jirani, lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na bado malori yanamwaga taka za jiji zima. Kijitabu cha mafunzo kilifundisha kwamba pumzi ni uhai. Sisi tulikuwa tunangoja upepo ugeuke ndipo tuanze.

Walikuja vijana wa sarakasi, makanga wawili watatu, wasichana wa saluni, na mama mmoja wa mboga aliyekuwa na mgongo mbovu. Mwisho wa darasa, wakiwa wamelala chali, nilianza kuwaeleza zile yama, moja kwa jioni. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilikuwa nimezisoma karibuni, nikaona si haki nizile peke yangu.

Jioni ya kutodhuru kijana mmoja aliinua mkono akiwa bado amelala. "Mwalimu, na polisi wanafunzwa hii?" Hakuna aliyecheka. Kila mmoja pale alikuwa na jina la kijana aliyepigwa risasi, wa Dandora, wa Kayole, wa Mathare, na wengine walikuwa na majina zaidi ya moja. Tulikaa tukazungumza hadi usiku, na mikao ya siku iliyofuata tukaifanya taratibu zaidi. Jioni ya kutoiba kukawa kimya cha aina nyingine, kwa kuwa ilijulikana wazi nani kati yetu anaishi kwa kunyakua simu kwenye steji. Huyo alikunja mkeka wake, akatoka, hakurudi tena. Tulipofika kwenye kutolimbikiza, mama mboga akaangua kicheko: "Hiyo kawaambie wenye nyumba!"

Katika jioni zote hizo hakuna aliyeniuliza kama makatazo hayo ni ya Kihindu. Waliyachukua kama sheria inayoweza kumbana mtu, akaikubali au akaondoka. Yule mnyakuzi wa simu, naamini, ndiye mwanafunzi wangu aliyeielewa hatua ya kwanza ya yoga kuliko wote.

Kisha nikapata kazi studio moja upande wa pili wa jiji, huko ambako kiingilio cha saa moja kingelisha nyumba ya Mowlem siku mbili tatu. Wanafunzi wengi walikuwa Wazungu wa mashirika na balozi. Siwadharau. Wapo waliolia kwenye mikeka yao na kuniambia kwamba makanisa ya kwao waliyaacha zamani, na hapa ndipo palipobaki mahali pa kunyamaza pamoja na watu wengine. Walipenda mishumaa, ubani, na kuimba Om, silabi takatifu ya Kihindu, kwa pamoja mwisho wa darasa. Walisema wao si watu wa dini bali ni watu wa kiroho, na nilizoea kuwasikia wakisema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyelipa deni. Siku moja nilipendekeza niwaeleze zile yama kama nilivyofanya mtaani. Meneja akanivuta kando: wateja hawajaja kuhubiriwa. Om iliruhusiwa. Kutoiba hakukuruhusiwa.

Karibu na mlango wa studio hiyo palikuwa na sanamu ya Ganesh, mungu wa Wahindu, sakafuni, pembeni ya rafu ya viatu. Wateja walikuwa wakiegemea ukuta juu yake wakivua raba. Mwanafunzi mmoja alikuwa mama Mhindi, Mkenya ambaye ukoo wake umeishi Nairobi tangu enzi za reli. Alikuja madarasa kadhaa bila kusema neno. Siku moja akainama, akaiinua ile sanamu kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati, akaipangusa kwa ncha ya mtandio wake. Asubuhi iliyofuata ilikuwa imerudishwa chini, kwa sababu pale juu iliharibu mpangilio wa chumba. Akaiinua tena.

Tukawa tunaongea tukimaliza. Aliniambia mumewe anamcheka kwa kulipa pesa ili kijana wa Eastlands amfundishe mambo ya nyanya yake. "Na nyanya hakuwahi kuvaa suruali za kubana," akasema. "Aliamka kabla ya jua, akaoga, akavuta pumzi zake, akaomba, ndiyo akanywa chai. Hakuna siku alisema, 'Naenda yoga.'" Akanirekebisha pia kuhusu neno letu la mtaani: tunaposema Wahindi tunawatia kapu moja Wahindu, Masingasinga, Wajaini, Waismailia, Wagoa Wakatoliki, na nusu yao wangeshangaa kusikia yoga ni dini yao.

Siku moja alinipeleka kwenye hekalu kubwa la Swaminarayan la Parklands, lile la mawe na mbao zilizochongwa, lililofunguliwa mwaka 1999. Nilitazama nikitafuta mikeka. Niliona watu wakiimba, taa za moto zikizungushwa mbele ya madhabahu, watoto wakigusa miguu ya wazee, na wanaume wakigawa chakula. Hakuna aliyekuwa amejipinda popote.

Nikirudi nyumbani kwa matatu ya Juja Road, kupitia Ngara na Pangani, niliwaza jambo ambalo mpaka leo naona ni la ajabu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Wengi walirudi kwao, wengine walibaki, wafanyabiashara wakafuata, na mwaka 2017 Serikali ikawatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kwa zaidi ya karne moja yoga ilikuwa kilomita chache kutoka Mowlem, nyumbani kwa watu tunaonunua kwao vitambaa na vipuri. Haikutufikia. Ilibidi ivuke bahari hadi Amerika, iondolewe Mungu wake, ndipo ipandishwe ndege ije Eastlands. Na sisi tukaipokea kwa sababu ilikuwa imeshapigwa muhuri na Mzungu.

Baadaye nilikwenda Lamu kusaidia kwenye tamasha la yoga, lile lililoanza mwaka 2014 huko Shela na Manda. Alfajiri tulikuwa ufuoni na kundi la wageni, tumelielekea jua linalochomoza, tukifanya ule mfululizo unaoitwa maamkizi ya jua. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini alisimama kando akitutazama mpaka tukamaliza. Nikamwendea, nikamsalimu. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mwasali?"

"Hapana, mzee. Ni mazoezi."

"Basi mbona mwalingoja jua?"

Mwalimu mgeni niliyemtafsiria alisema ni njia nzuri tu ya kupasha mwili joto. Hakudanganya. Mfululizo ule ulienezwa kama mazoezi katika miaka ya 1920 na mtawala wa Aundh, jimbo dogo la India, aliyetaka raia wake wawe na afya. Lakini jina ni maamkizi kwa Surya, na Surya ni mungu, na Wahindu wengi bado humwimbia mantra, maneno ya ibada, asubuhi. Mzee alikuwa na sababu yake: katika Uislamu kusali wakati jua linapochomoza kumekatazwa, ili Mwislamu asifanane na wanaoliabudu. Alijua hasa ni kitu gani anachokitazama. Waislamu wenyewe hawajakubaliana kuhusu jambo hili. Baraza la fatwa la Malaysia liliharamisha yoga kwa Waislamu mwaka 2008, na siku chache baadaye waziri mkuu akasema mikao bila mantra haina neno; mwaka 2017 Saudi Arabia ikaitambua kuwa mchezo. Mimi kuanzia siku ile Shela nilianza kufundisha mfululizo huo jua likiwa limeshapanda, na nikieleza kwa nini.

Kisa cha mwisho ni cha mwaka 2020, korona ilipofunga studio na nikawa nafundisha kupitia skrini watu wa Ulaya na Marekani. Mmoja aliniomba nianze kipindi na dua ya Kiafrika, ikiwezekana yenye ngoma, "kuita mababu." Nilimwambia mababu zangu hawaitwi kwa Zoom. Alicheka, akadhani natania. Walikuwa wameshaimaliza India, sasa ilikuwa zamu yangu.

Sasa turudi kwa wazazi wa Mowlem, maana wanayobishania yamefika hata mahakamani. Mwaka 2013 wazazi wa Encinitas, California, walishtaki wakuu wa shule zao kwa kufundisha watoto yoga, mradi uliofadhiliwa na wakfu wenye jina la Jois, mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya. Shule zilikuwa zimejitahidi kuifuta India yote, hata mkao wa yungiyungi ukapewa jina la kitoto la huko kwao. Hakimu aliamua kwamba mizizi ya yoga ni ya kidini, ila kile walichokuwa wakifundishwa watoto wale hakikuwa dini, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2015. Alabama ilipiga marufuku yoga shuleni mwaka 1993. Ilipoirudisha mwaka 2021 iliruhusu mikao, ikakataza kuimba mantra na hata kutoa salamu ya namaste. Wahindu wa Marekani nao walikuwa wameanzisha kampeni ya kudai kwamba yoga itajwe kuwa ni ya kwao, na wenzao wengine wa asili ya India wakawapinga.

Nilimwandikia dada yangu hivi, aupeleke ujumbe kwenye kikundi. Mzazi aliyesema yoga ina dini ndani yake yuko karibu na ukweli kuliko mwalimu mkuu. Anapokosea ni kudhani kwamba kupinda goti kunamgeuza mtoto kuwa Mhindu. Mama yule aliyenipeleka hekaluni Parklands angekuwa wa kwanza kumcheka. Mwalimu mkuu naye aache kuapa. Aandike barua, aeleze kitu hiki kimetoka wapi, walikiamini vipi wenyewe, shule itafundisha nini na itaacha nini. Amwalike Mkenya Mhindu, wapo wengi Ngara, aje aulizwe maswali na wazazi. Na mtoto ambaye mzazi wake hataki apewe mpira akacheze, bila kuitwa mshamba. Kifungu cha 32 cha Katiba yetu kinasema hakuna mtu atakayelazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake, na kipindi cha michezo hakiko nje ya Katiba.